Kazi za mzazi, gemu za watoto: Je, laptopu moja ya Linux itatosha?

Nyumba nyingi za mjini zina laptopu moja, tena iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika nje ya nchi. Mchana ni ya mama anayechapa ankara na barua za wateja wake, usiku ni ya baba anayemalizia ripoti ya ofisini, na Jumamosi ni ya watoto wanaogombea kibodi. Oktoba 14, 2025, nyingi ya laptopu hizo ziliachwa njiani bila wenyewe kujua. Siku hiyo Microsoft ilisitisha kutoa marekebisho ya bure ya usalama kwa Windows 10.

Kesho yake ziliwaka kama kawaida, ndiyo maana watu hawakushtuka. Kinachokosekana hakionekani kwa macho. Kila mwezi hugunduliwa matundu mapya ambayo wahalifu wanaweza kupitia, na kampuni huyaziba kwa marekebisho yanayoingia kupitia intaneti. Kompyuta isiyopata marekebisho ni kama mtoto aliyechanjwa surua akiwa na miezi 9 kisha hakurudishwa kliniki akiwa na miezi 18. Anacheza, anakula, anaonekana mzima, lakini kinga yake haijakamilika.

Jibu la kwanza la fundi huwa ni kuhamia Windows 11. Tatizo ni kwamba Windows 11 inataka kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani sana. Kwa upande wa Intel, orodha inaanzia kwa jumla kizazi cha 8, yaani mashine za kuanzia mwishoni mwa 2017. Laptopu za kizazi cha 4, cha 5 na cha 6, ambazo ndizo zimejaa kwenye maduka ya vifaa vilivyotumika, hazimo. Fundi anaweza kuilazimisha iingie, lakini Microsoft yenyewe inasema mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kuendelea kupata marekebisho.

Ipo pia nyongeza ya muda. Mtumiaji wa nyumbani mwenye Windows 10 toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft anaweza kujisajili apate marekebisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026. Kwa mwenye haraka, hiyo inampa nafasi ya kufikiri, basi.

Kuna jambo ambalo wengi hawapendi kulisema. Windows iliyomo kwenye laptopu nyingi za nyumbani haikununuliwa. Ilipigwa na fundi, ikafunguliwa kwa programu ya kuvunja kufuli, na ili programu hiyo ifanye kazi ilibidi antivairasi izimwe kwanza. Mtoto naye anajifunza mtindo huohuo: anapakua gemu iliyovunjwa kufuli, maelekezo yanamwambia azime antivairasi, naye anazima. Mafaili ya aina hiyo ni njia inayofahamika sana ya kuingiza programu zinazoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Na kwenye laptopu hiyohiyo kuna nakala za vitambulisho vya NIDA, picha za watoto, cheti cha kuzaliwa kilichoskaniwa kwa ajili ya shule, pengine na majibu ya vipimo vya hospitali.

Linux ni nini hasa?

Kila kompyuta ina mfumo endeshi, ile programu mama inayoamka kwanza inapowashwa na kuzisimamia nyingine zote. Windows ni mmojawapo. Linux ni mwingine. Ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi Helsinki, Finland, na tangu hapo umekuwa ukiendelezwa na maelfu ya watu na kampuni duniani. Ni programu huria: yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuutazama ulivyoandikwa, kuubadilisha na kuugawa. Hakuna kufuli la kuvunja, kwa hiyo hakuna sababu ya kuzima ulinzi ili utumike.

Mzazi anayesoma makala haya kwenye simu ya Android tayari anaitumia Linux, kwa kuwa kiini cha Android ni hicho hicho.

Kwa kompyuta, Linux huja katika matoleo mengi yenye majina tofauti, na wingi huo ndio unaowachanganya wageni kuliko kitu kingine. Kwa familia inayotoka Windows, Linux Mint ni pa kuanzia pazuri. Menyu iko chini kushoto, saa chini kulia, mafaili yanafunguka kwa kubofya mara mbili. Inahitaji RAM ya GB 2 kwa uchache, ingawa GB 4 ndiyo inayopendekezwa. Toleo la 22 litaendelea kupata marekebisho ya usalama hadi 2029. Ubuntu nayo, yenye jina la Kiafrika na iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, ni nzuri ila huwa nzito zaidi kwa mashine dhaifu.

Faida nyingine iko kwenye afya, ingawa haizungumzwi dukani. Ripoti ya kimataifa ya taka za kielektroniki ya mwaka 2024 inaeleza kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelewa ipasavyo. Zilizobaki nyingi huishia madampo, ambako nyaya huchomwa moto ili kutoa shaba, na Shirika la Afya Duniani (WHO) lilionya mwaka 2021 kuwa wanaoumia zaidi ni watoto na wajawazito. Madini ya risasi hayana kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wa mtoto. Laptopu inayosogezwa miaka minne mbele ni moja ambayo haijafika huko bado.

Kazi za ofisi

Hapa habari ni njema kwa wengi. Linux Mint inakuja na LibreOffice, ambayo ina kiandishi cha barua, majedwali ya hesabu na slaidi. Inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word, Excel na PowerPoint. Watanzania wenye kumbukumbu watakumbuka kuwa mzazi wake, OpenOffice, ilitafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 2004 kupitia mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikaitwa Jambo OpenOffice. Kwa hiyo si mgeni kabisa hapa.

Barua, CV, bajeti ya kikoba, mihutasari ya vikao na mitihani ya shule vinafanyika bila shida. Barua pepe, WhatsApp ya kwenye kompyuta, vikao vya Zoom na huduma zote zinazofunguka ndani ya kivinjari haziangalii sana mfumo gani uko chini yake.

Matatizo huanza mafaili yanapokwenda na kurudi. LibreOffice ikiachwa ilivyo, huhifadhi kwa aina yake, .odt, na mteja wa steshenari akiipeleka kwa mwajiri huenda akaambiwa haifunguki. Dawa ni ndogo: kwenye mipangilio ichaguliwe kuhifadhi .docx na .xlsx kila mara, siku ya kwanza kabisa. La pili ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, hivyo Linux huweka mbadala wake, Carlito na Caladea, zenye upana uleule wa herufi ili mistari isisogee. Hata hivyo, nyaraka zenye majedwali mengi na picha huweza kuyumba. Anayetuma CV au ankara aitume kwa PDF, nayo itafika ilivyo.

Majedwali ya Excel yenye makro, yaani yale ya ofisini yanayojijaza yenyewe ukibonyeza kitufe, mara nyingi hugoma. Programu za uhasibu kama TallyPrime na QuickBooks ya kusakinisha zimeandikwa kwa ajili ya Windows, na Photoshop pia. Mama anayetunza vitabu vya biashara kwa Tally asishawishiwe na mtu kuifuta Windows yake. Ndiyo chombo chake cha kazi.

Printa nazo zikaguliwe mapema. Za HP kwa kawaida hutambuliwa zenyewe. Za kampuni nyingine zinategemea modeli, na baadhi zina usumbufu wa kumfanya mtu aliyetulia apandishe sauti.

Gemu, mahali penye ugomvi

Kwa miaka mingi jibu la Linux na gemu lilikuwa fupi: hakuna. Mabadiliko makubwa yalikuja Agosti 2018, pale Valve, kampuni yenye duka la gemu la Steam, ilipotoa Proton. Hii ni programu inayokaa kati ya gemu iliyoandikwa kwa Windows na kompyuta ya Linux, kama mkalimani anayekaa kati ya daktari na mgonjwa wasioelewana lugha. Gemu inaomba kitu kwa lugha ya Windows, Proton inatafsiri, Linux inatekeleza. Februari 2022 kampuni hiyo ikaanza kusambaza Steam Deck, kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu kinachotumia Linux, na kwa sababu hiyo maelfu ya gemu zimepimwa kwenye mfumo huu.

Kwa mtoto anayecheza peke yake, uchaguzi sasa ni mpana. Minecraft ya toleo la Java inacheza kwenye Linux moja kwa moja, bila mkalimani. Vivyo hivyo Stardew Valley na Euro Truck Simulator 2, ile ya kuendesha malori ambayo kina baba nao huishia kuicheza. Counter-Strike 2 na Dota 2 pia zimo na ni za bure, ingawa ya kwanza ni ya kupigana risasi na haimfai mtoto.

Shida iko kwenye gemu za mashindano ya mtandaoni. Ili kuzuia wadanganyifu, nyingi huweka mlinzi anayezama ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, na kampuni kadhaa zimeamua mlinzi wao hatafanya kazi kwenye Linux. Fortnite haichezeki. Valorant haichezeki. League of Legends ilikuwa ikichezeka, ikafungwa mwaka 2024 baada ya kuwekewa mlinzi mpya. GTA V ya kucheza peke yako inakubali, lakini ile ya mtandaoni ilifungiwa Linux Septemba 2024. Gemu za mpira za EA Sports FC za miaka hii nazo zina mlinzi wa aina hiyo, na kwa vijana wengi wa hapa mpira ndio gemu yenyewe. Roblox haina toleo rasmi la Linux. Minecraft ya toleo la Bedrock pia haina.

Ndiyo maana mazungumzo ya nyumbani yasianze na swali la kama Linux inacheza gemu. Mzazi amwombe mtoto aandike gemu tano alizocheza mwezi huu, zile anazocheza kweli, si anazozitamani. Kisha kila jina litafutwe kwenye tovuti ya ProtonDB, ambako wachezaji huandika ipi inakubali, ipi inasumbua na ipi inagoma. Ni kazi ya dakika 10 kwenye simu, na mara nyingi jina moja kati ya hayo matano ndilo linaloamua kila kitu.

Jina hilo likiwa Fortnite au Roblox, mzazi asilichukulie kijuujuu. Kwa kijana wa miaka 13, gemu hiyo pengine ndipo anapokutana na binamu yake wa Mwanza na marafiki wa shule wakati wa likizo. Kuifuta usiku akiwa amelala ni kumkata na watu wake, na hata kama laptopu itakuwa salama zaidi, nyumba itakuwa na kinyongo. Gemu zote mbili zina matoleo ya simu. Wengine huamua laptopu ibaki ya kazi na gemu zisizo za mashindano, zile za mtandaoni zikachezwe kwenye simu ya mzazi kwa saa zilizokubaliwa. Si kila mtoto atafurahi, ila ameshirikishwa.

Lipo na suala la nguvu ya mashine. Proton hutegemea teknolojia ya picha inayoitwa Vulkan, na laptopu nyingi za kabla ya 2015 zina kadi ya picha isiyoielewa vizuri. Kwa hiyo laptopu ya kizazi cha 4 iliyokuwa ikikwama kwenye gemu nzito chini ya Windows isitarajiwe kupona kwa kuwekewa Linux. Itakuwa nyepesi kwa barua na mtandao, lakini udhaifu wa picha utabaki palepale.

Kwa mashine hizo zipo gemu huria ambazo hazigharimu hata senti na hazina matangazo. SuperTuxKart ni mbio za vigari ambazo watoto wawili wanaweza kushindana kwenye skrini moja. Luanti, zamani ikiitwa Minetest, ni ya kujenga kwa matofali kama Minecraft. Kwa wadogo wa miaka 2 hadi 10 ipo GCompris, yenye michezo zaidi ya 100 ya kuhesabu, kusoma saa, kupanga rangi na kujifunza kutumia kipanya. Kama nyumba ina watoto wadogo tu, hiyo ya mwisho peke yake ni sababu tosha ya kujaribu.

Jaribu kabla ya kufuta

Kinachowafanya watu waiogope Linux ni kudhani kuwa lazima kwanza waifute Windows. Si kweli. Flashi ya GB 8 inatosha. Faili la Linux Mint ni kama GB 3, hivyo anayetumia bando alipakue usiku au kwa Wi-Fi ya ofisini. Programu ya bure iitwayo balenaEtcher hulihamishia kwenye flashi. Baada ya hapo laptopu inazimwa, inawashwa huku ikibonyezwa F12 kwa Dell na Lenovo au F9 kwa HP, na kuchaguliwa flashi.

Linux itafunguka ikitumia flashi peke yake, bila kugusa kitu kilichomo ndani. Itakuwa ya polepole kidogo, ni kawaida. Muda huo utumike kupima mambo ya kila siku: Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Kamera inaonekana? Printa inachapa? Ukifunika laptopu kisha ukaifunua, inaamka? Faili la kazi la mama linafunguka likiwa sawasawa? Kama kuna kinachogoma, flashi inachomolewa na maisha ya zamani yanaendelea.

Yakienda vizuri, zipo njia mbili. Ya kwanza ni kuziweka zote mbili, Windows na Linux, na kuchagua moja kila laptopu inapowashwa. Inafaa kwa nyumba yenye Tally na Fortnite, ila inataka diski yenye nafasi, na upande wa Windows bado utakuwa na matundu yaleyale usiposajiliwa. Ya pili ni Linux peke yake. Kwa njia yoyote, picha na nyaraka zinakiliwe kwanza kwenye diski ya nje, na mtu mwingine azifungue huko kuhakikisha zimefika. Kwenye usakinishaji kuna chaguo la kufuta diski yote, na likishakubaliwa hakuna kurudi nyuma.

Saa za mtoto

Mzazi aliyekuwa akitumia huduma ya Microsoft ya kusimamia watoto ajue haifanyi kazi kwenye Linux. Badala yake ipo Timekpr-nExT, inayopatikana kwenye duka la programu la Linux Mint bila malipo. Inampangia kila mtumiaji saa zake kwa siku na muda wa mwisho wa usiku, kisha inamtoa. Ili ifanye kazi, mtoto awe na akaunti yake ya kawaida isiyo na ruhusa ya usimamizi. Akiwa na nywila ya mzazi, saa hizo atazibadilisha kabla ya chai kupoa.

Kwa tovuti za ngono, anwani ya DNS 1.1.1.3 ya kampuni ya Cloudflare, ikiwekwa kwenye mipangilio ya mtandao, huzuia sehemu kubwa pamoja na tovuti zinazojulikana kusambaza vairasi. Si ukuta kamili, na kijana anayejua atauruka.

WHO inashauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 ya skrini kwa siku, na wa chini ya mwaka 1 asiwekewe kabisa. Kwa wakubwa, orodha ya magonjwa ya WHO iliyoanza kutumika Januari 2022 inautambua uraibu wa gemu, lakini haupimi kwa wingi wa saa pekee. Inaangalia kama mtoto ameshindwa kujizuia, kama gemu imetangulia mbele ya chakula, shule na watu, na kama anaendelea ingawa anaumia, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 hivi. Kijana anayenuna kwa wiki mbili kwa sababu Valorant imetoka hajafika huko.

Siku ya kuhama isiwe Jumapili usiku wakati ripoti inasubiriwa Jumatatu. Iwe mwanzoni mwa likizo, mtoto mkubwa akiwa pembeni, maana huenda ndiye atakayeelewa haraka. Usakinishaji utauliza kama diski ifungwe kwa siri; ni kinga nzuri laptopu ikiibiwa, ila nywila yake ikisahaulika, picha za familia hazitarudishwa na fundi yeyote. Anayekubali aiandike kwenye karatasi na kuiweka pamoja na kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa.